Namna ya Kufuatilia Mashindano ya Dunia ya Kuteleza Mawimbini: Mfano wa Jeffreys Bay

Anayetazama kwa mara ya kwanza mashindano ya kimataifa ya kuteleza mawimbini huona wanamichezo wawili wameketi juu ya mbao zao katikati ya maji, hawafanyi lolote kwa dakika sita au saba, huku watangazaji wakizungumza kwa msisimko kana kwamba mchezo umepamba moto. Kisha mmoja anapata wimbi, anateleza kwa sekunde chache, anapewa alama 4.33, na hakuna anayeeleza kwa nini hakupewa 6 au 8. Wengi huacha kutazama hapo. Mwongozo huu ni wa msomaji anayetaka kuvuka hatua hiyo, ili aweze kufuata pambano zima na kukadiria, hata kabla majaji hawajatoa alama, nani ameteleza vizuri na nani amekosea. Msimamo wangu ni kwamba ushindi katika mchezo huu hutokana kwanza na uchaguzi wa wimbi, kisha na ustadi wa mwili. Kwa hiyo mtazamaji hana budi kujifunza kuisoma bahari kabla ya kujifunza majina ya mitindo.

Mfano nitakaoutumia zaidi ni Jeffreys Bay, mji mdogo wa pwani katika jimbo la Eastern Cape nchini Afrika Kusini, kilomita zipatazo 75 magharibi mwa jiji la Gqeberha, ambalo hadi mwaka 2021 liliitwa Port Elizabeth. Nimeuchagua kwa sababu ndio uwanja maarufu kuliko yote barani Afrika katika mchezo huu, kwa sababu saa zake zinakaribiana na zetu, na zaidi kwa sababu wimbi lake ni refu na lenye mpangilio, kiasi kwamba mtazamaji mgeni anaweza kuona vizuri kila anachokifanya mtelezaji tangu mwanzo hadi mwisho.

Tambua kwanza ni mashindano gani

Yapo mashindano ya aina tatu yanayoitwa ya dunia, na kila moja lina utaratibu wake. La kwanza ni msururu wa kulipwa unaoendeshwa na World Surf League, maarufu kwa kifupi WSL. Msururu huo ulianza mwaka 1976 chini ya jina lingine, na bingwa wake wa kwanza alikuwa Peter Townend wa Australia. Jina la WSL limetumika tangu mwaka 2015. Hapa wachezaji wachache waliofuzu husafiri msimu mzima kutoka ufuo mmoja hadi mwingine wakikusanya pointi, kila mmoja kwa nafsi yake. Ni katika msururu huu ndipo Kelly Slater wa Marekani alipotwaa ubingwa mara 11 kati ya mwaka 1992 na 2011, na Stephanie Gilmore wa Australia mara 8 kati ya mwaka 2007 na 2022. Mapambano ya Jeffreys Bay ni sehemu ya msururu huu, ingawa si kila mwaka, kwani ratiba hubadilika. Mwaka 2024, kwa mfano, hayakuwamo. Kwa hiyo hatua ya kwanza kabisa ni kuangalia kalenda ya msimu husika, si kutegemea ya mwaka uliopita.

La pili ni mashindano ya timu za taifa yanayosimamiwa na shirikisho la kimataifa la mchezo huu, ISA. Ubingwa wa kwanza wa dunia wa mchezo huu ulifanyika Manly, Sydney, mwaka 1964, na washindi walikuwa Waaustralia Bernard Farrelly na Phyllis O'Donnell. Katika mashindano ya ISA mara nyingi huingia majini wachezaji wanne kwa wakati mmoja, na anayeshindwa mara ya kwanza hupewa nafasi ya pili katika raundi ya waliobaki nyuma. Sherehe yake ya ufunguzi ina jambo ninalolipenda sana: kila timu huja na mchanga wa ufuo wa nchi yake, na michanga hiyo yote humiminwa katika chombo kimoja.

La tatu ni Olimpiki, ambako mchezo huu uliingia rasmi katika Michezo ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021. Anayedhani Afrika haina nafasi humo akumbuke kwamba medali ya fedha ya wanawake ilikwenda kwa Bianca Buitendag wa Afrika Kusini, ambaye njiani alimtoa Gilmore mwenyewe, na kwamba Ramzi Boukhiam wa Morocco alishiriki mwaka huo na tena mwaka 2024.

Soma bahari kabla ya kumsoma mchezaji

Msomaji aliyekulia pwani ya Afrika Mashariki tayari ana nusu ya elimu hii. Anajua kujaa na kupwa, anajua bamvua na maji mafu, na anajua kwamba bahari ya kusi si bahari ya kaskazi. Anajua pia kwamba kwetu mwamba huvunja mawimbi mbali na ufuo, na ndiyo maana maji ya ndani huwa tulivu. Anachopaswa kuongeza ni kwamba mawimbi ya Jeffreys Bay hayatokani na upepo unaovuma hapo hapo. Yanazaliwa na dhoruba za majira ya baridi zinazopita mbali kusini, kati ya bara la Afrika na Antaktika, kisha yanasafiri siku kadhaa kabla ya kufika. Ndiyo sababu mashindano haya hupangwa mwezi Julai, wakati dhoruba hizo zinapofuatana.

Unapofungua utabiri wa bahari kabla ya pambano, tazama mambo matatu. La kwanza ni kimo cha wimbi, ambacho kila mtu hukitazama. La pili, ambalo wageni hulipuuza, ni kipindi cha wimbi, yaani sekunde zinazopita kati ya kilele kimoja na kinachokifuata. Wimbi lenye kipindi cha sekunde 7 au 8 limetengenezwa na upepo wa karibu, nalo huwa fupi, dhaifu na lenye vurugu. Lenye sekunde 14 au zaidi limetoka mbali, limebeba nguvu nyingi chini ya maji, na likifika kwenye mwamba huinuka juu kuliko kimo chake cha baharini kinavyoonyesha. Nguvu ya mawimbi yenye kipindi cha sekunde 14 husafiri katika kina kirefu kwa mwendo wa karibu kilomita 40 kwa saa, hivyo dhoruba iliyo umbali wa kilomita 2,000 huleta matunda yake ufuoni baada ya siku mbili hivi. Hesabu hiyo ndiyo inayowawezesha waandaaji kusema kwa ujasiri kwamba leo tutapumzika na keshokutwa tutacheza.

La tatu ni upepo. Upepo unaotoka nchi kavu kuelekea baharini huushikilia uso wa wimbi, ukaubakiza laini na kuchelewesha kuvunjika kwake. Unaotoka baharini huusukuma kutoka nyuma, na wimbi huanguka vibaya kabla mtelezaji hajapata nafasi. Jeffreys Bay ina bahati ya pekee kwa sababu upepo wa kusini-magharibi, unaoandamana na dhoruba zile zile zinazoleta mawimbi, hapo huvuma kutoka upande wa nchi kavu kwa jinsi ghuba ilivyojikunja.

Baada ya hapo, tazama namna wimbi linavyovunjika. Kwa kawaida wimbi huanza kuvunjika pale kina cha maji kinapokaribia mara 1.3 ya kimo chake, ndiyo kusema wimbi la mita 2 huvunjika penye maji ya mita 2.6 hivi. Kama sakafu ya bahari ni tambarare, wimbi zima huanguka kwa mpigo mmoja na halimfai mtelezaji. Kama sakafu inainuka kwa mshazari, kama ilivyo kwenye miamba ya Jeffreys Bay, wimbi huvunjika kidogo kidogo kuelekea upande mmoja, na mtelezaji hukimbia mbele ya povu kwenye ule uso ambao bado haujavunjika. Wimbi la Jeffreys Bay huvunjika kuelekea kulia kwa mtelezaji anayetazama ufuo. Kwako wewe unayeitazama bahari, utaona mchezaji akienda kushoto. Sehemu zake zina majina ambayo watangazaji huyataja kila mara: Boneyards upande wa juu, kisha Supertubes ambapo mapambano hufanyika, halafu Impossibles, Tubes na The Point. Mtangazaji akisema wimbi limeanzia Boneyards, jua kwamba mtelezaji yuko tayari kuikuta Supertubes akiwa na kasi kubwa.

Mawimbi huja kwa makundi, na kati ya kundi na kundi bahari hutulia. Zile dakika za ukimya ambazo mtazamaji mgeni huziona hazina maana ndizo wachezaji wanazozitumia kuamua wasimame wapi, kwani anayekaa mita chache mbali na mahali sahihi hulikosa kundi zima. Mfano bora wa jambo hili hautoki Jeffreys Bay, bali Teahupo'o, kwenye kisiwa cha Tahiti kilicho chini ya Ufaransa katika Bahari ya Pasifiki, katika fainali ya wanaume ya Michezo ya Olimpiki ya Paris, Agosti 2024. Kauli Vaast, mzaliwa wa Tahiti anayeiwakilisha Ufaransa, alipata mawimbi mawili makubwa mapema na kuandikiwa 9.50 na 8.17, jumla 17.67. Mpinzani wake Jack Robinson wa Australia, ambaye hakuna anayetilia shaka kipaji chake, alipata wimbi moja lenye alama 7.83, kisha bahari ikatulia. Alisubiri wimbi la pili lenye maana hadi honi ikalia. Aliyeitazama fainali hiyo kwa kuhesabu mitindo pekee aliiona ya kuchosha. Aliyekuwa akiitazama bahari aliona mtu akinyang'anywa dhahabu na utulivu wa maji, na kwa kweli ni vigumu kusahau.

Namna alama zinavyotolewa

Kila wimbi hupewa alama kati ya 0 na 10. Majaji watano hutoa alama kila mmoja peke yake, ya juu kabisa na ya chini kabisa huondolewa, na wastani wa tatu zilizobaki huwa ndiyo alama ya wimbi. Tuseme majaji wametoa 6.5, 7.0, 7.2, 7.0 na 7.8. Ondoa 6.5 na 7.8, zilizobaki zina jumla ya 21.2, nayo ukiigawanya kwa tatu unapata 7.07. Mchezaji anaweza kuteleza mawimbi mengi katika pambano moja, lakini mawili yaliyo bora ndiyo yanayohesabiwa, hivyo jumla ya juu kabisa ni 20.

Kujua maana ya namba ni muhimu kuliko kujua hesabu yake. Alama chini ya 2 ni wimbi duni. Kuanzia 2 hadi chini ya 4 ni hafifu. Kuanzia 4 hadi chini ya 6 ni la wastani. Kuanzia 6 hadi chini ya 8 ni zuri. Na 8 kwenda juu ni bora sana. Kwa hiyo ile 4.33 iliyomshangaza mtazamaji mgeni si tusi. Ni wimbi la kawaida lililotelezwa kwa namna ya kawaida.

Majaji huangalia mambo matano kwa pamoja: kiasi cha hatari na ugumu alioukubali mtelezaji, ubunifu, mfululizo wa mitindo mikubwa, utofauti wa mitindo hiyo, na kasi, nguvu na mtiririko. Hakuna hesabu inayosema mtindo fulani una pointi kadhaa, tofauti na ilivyo katika sarakasi za jimnastiki. Uzito wa kila kigezo hubadilika kulingana na mahali na siku. Teahupo'o, ambako wimbi hujikunja na kufanya mvungu mzito juu ya mwamba wa matumbawe, anayeingia ndani kabisa ya mvungu na kutoka akiwa amesimama ndiye anayepewa alama kubwa. Jeffreys Bay inadai jambo tofauti: mikato mirefu inayochorwa na ukingo wa ubao kwenye uso wa wimbi, kasi isiyokatika, na uamuzi wa haraka wa lini kujificha mvunguni na lini kupanda hadi mdomo wa wimbi. Hata hivyo majaji hawajifungi. Mwaka 2017 Filipe Toledo wa Brazil aliruka hewani mara mbili mfululizo kwenye wimbi moja la Jeffreys Bay, akizunguka na kutua kwa kasi ile ile, na wakampa 10 kamili. Mwishowe alishinda mashindano hayo.

Njia nzuri ya kujizoeza ni kutazama chini badala ya juu. Mgeni hutazama maji yanayorushwa angani; mzoefu hutazama ubao umeinama kiasi gani wakati wa kukata kona, na kama mtelezaji ametoka kwenye kona hiyo akiwa na kasi kubwa kuliko aliyoingia nayo. Maji mengi yanayorushwa na mtu aliyepoteza kasi ni dalili ya juhudi, si ya ustadi. Tazama pia mahali alipofanyia mtindo wake: mkato uleule una thamani kubwa ukifanywa pale wimbi linapotaka kuanguka, na thamani ndogo ukifanywa mbali na povu, ambako hakuna hatari yoyote.

Angalia pia mchezaji anasimamaje. Anayetanguliza mguu wa kushoto hulitazama uso kwa uso wimbi linalokwenda kulia, hivyo Jeffreys Bay humfaa. Anayetanguliza wa kulia huteleza akiwa amelipa wimbi mgongo, jambo ambalo ni gumu zaidi. Mark Occhilupo wa Australia alishinda hapo mwaka 1984 akiteleza kwa mgongo, na hadi leo wachezaji wa upande wake hutajwa kwa kulinganishwa naye.

Jifunze pia lugha ya upungufu. Mtangazaji akisema mchezaji anahitaji 5.88, maana yake ni hii: mpinzani ana jumla ya 12.67, yeye ana wimbi lake bora la 6.80, na tofauti ni 5.87, akipata 5.88 ataongoza. Kama jumla zitalingana, hutazamwa nani ana wimbi moja lenye alama ya juu zaidi. Na kama tofauti inazidi 10, hakuna wimbi moja litakalomwokoa, sharti apate mawili mapya. Ukiweka kalamu na karatasi karibu, dakika kumi za mwisho zitakupa raha isiyo kifani, kwa maana utajua kila wimbi linalopita lina thamani gani kwa kila mmoja wao.

Kipaumbele, ambacho ndicho kiini cha pambano

Wachezaji wawili hawawezi kuteleza wimbi moja bila kuharibiana, kwa hiyo ipo kanuni ya kipaumbele. Pambano linapoanza hakuna aliye nacho. Yule wa kwanza kuteleza wimbi humwachia mwenzake kipaumbele, na kuanzia hapo hubadilishana: mwenye nacho hukipoteza akiteleza wimbi, na hukipoteza pia akilifukuza kwa kupiga maji kisha likampita. Skrini huonyesha rangi ya fulana ya aliye nacho, na huko ufuoni hutumika ubao wa ishara. Mwenye kipaumbele ana haki ya kuchagua wimbi lolote. Asiye nacho anaweza kuteleza pia, ila kwa sharti kwamba hamzuii mwenzake.

Kutokana na kanuni hiyo fupi huzaliwa werevu wote wa mchezo. Mwenye kipaumbele akilikataa wimbi la wastani kwa kuamini linalokuja nyuma ni bora, mpinzani analichukua na pengine anapata 7. Na lile la nyuma huenda lisifike. Akilichukua la wastani kwa woga, amempa mpinzani haki ya kuchagua kundi zima linalofuata. Dakika za mwisho, anayeongoza akiwa na kipaumbele humkaribia mpinzani wake na kuketi naye bega kwa bega, na kila wimbi zuri likitokea hulichukua yeye mwenyewe, si kwa sababu ana haja ya alama, bali ili mwenzake asilipate. Ukiona mtu anayeongoza amekaa mbali na mpinzani zikiwa zimesalia dakika tatu, una haki ya kumlaumu.

Anayemzuia mwenye kipaumbele hupoteza alama ya wimbi lake la pili, na akirudia kosa katika pambano hilo hilo hutolewa majini. Mfano unaojadiliwa hadi leo ni wa Gabriel Medina wa Brazil dhidi ya Mbrazil mwenzake Caio Ibelli kule Pipeline, Hawaii, Desemba 2019. Sekunde za mwisho, Ibelli akiwa na kipaumbele, Medina aliingia makusudi kwenye wimbi lake. Adhabu ikamfutia alama ya pili, lakini alikwisha kupiga hesabu kwamba wimbi lake moja linatosha kumshinda, na kweli akapita. Kwangu mimi ule haukuwa uungwana, kwa kuwa kanuni iliyowekwa kumlinda mwenye haki iligeuzwa kuwa chombo cha kumnyima. Wapo wengi wanaomtetea, na mtazamaji ataamua mwenyewe, ila ili aamue ni lazima aijue kanuni.

Ishara nyingine ni rahisi. Honi huanza na kumaliza pambano, ambalo kwa kawaida huchukua kati ya dakika 30 na 40. Bendera au kibao cha kijani huonyesha pambano linaendelea, na cha njano kwamba zimebaki dakika tano.

Saa, siku na bando

Mashindano haya hayana siku moja iliyopangwa. Hutengwa kipindi cha siku kumi hivi, na ndani yake huchaguliwa siku tatu au nne zenye mawimbi bora. Kila asubuhi mkurugenzi wa mashindano hutangaza kama wataanza, watasubiri saa kadhaa, au wataahirisha hadi kesho. Usipange mapumziko yako ya kazi kwa tarehe ya kwanza iliyoandikwa kwenye tangazo. Fuata tangazo la asubuhi.

Jeffreys Bay iko nyuma yetu kwa saa moja. Pambano linaloanza huko saa moja na nusu asubuhi huanza saa mbili na nusu kwa watu wa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, saa tatu na nusu kwa walioko Muscat, na saa ile ile moja na nusu kwa walioko Bujumbura, Kigali, Goma na Lubumbashi. Tahiti na Hawaii ziko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa 13, hivyo asubuhi yao ya saa moja ni saa mbili usiku kwetu, wakati mzuri kabisa wa kutazama. Australia ya mashariki ndiyo yenye taabu: pambano la alfajiri la Bells Beach hutukuta usiku wa manane. Michezo ya Olimpiki ya Los Angeles ya mwaka 2028 imepangiwa ufuo wa Trestles, California, na asubuhi ya huko mwezi Julai itakuwa jioni yetu.

Matangazo ya WSL hupatikana kwenye tovuti yake na kwenye YouTube. Kwa kuwa siku moja ya mashindano inaweza kuchukua saa nane au tisa, bando la kawaida halitafika mchana kama unatazama kwa ubora wa juu. Shusha ubora wa picha, au fuata alama kwa maandishi wakati wa raundi za mwanzo na uhifadhi video kwa ajili ya robo fainali kuendelea. Mapambano huwekwa pia mtandaoni moja moja baada ya kumalizika, na kwa anayejifunza hiyo ni bora zaidi, kwa sababu anaweza kurudisha nyuma.

Ukienda mwenyewe

Kutazama ukiwa ufuoni Jeffreys Bay hakuhitaji tiketi. Ndege hutua Gqeberha, na kutoka hapo ni safari ya gari ya chini ya saa moja na nusu kwa barabara kuu ya N2. Julai ni majira ya baridi, na anayetoka Mombasa au Tanga asidanganywe na jua analoliona kwenye picha: asubuhi panahitaji koti zito na kofia. Beba darubini, kwa sababu wachezaji huonekana wadogo kuliko unavyotarajia, na uwe na redio au simu ya kufuatia alama. Fika alfajiri, upepo huwa mtulivu zaidi na bahari safi zaidi kabla ya mchana.

Utaona pikipiki za maji zikizunguka wachezaji muda wote. Kazi yao ni kuwarudisha haraka kule mawimbi yanakoanzia, na pia kulinda usalama, kwa maana maji hayo yana papa wakubwa. Tarehe 19 Julai 2015, dakika chache baada ya fainali kuanza, papa alimtokea Mick Fanning wa Australia mbele ya kamera zilizokuwa zikirusha moja kwa moja, akamwangusha kwenye ubao wake na kukata kamba ya mguuni. Mpinzani wake Julian Wilson, badala ya kukimbilia nchi kavu, alipiga maji kuelekea alipo mwenzake. Wote waliokolewa bila jeraha, fainali ikafutwa, na wakagawana pointi. Fanning alirudi mwaka uliofuata na akashinda.

Huko ufuoni utakutana pia na historia isiyostahili kupitwa haraka. Wakati wa ubaguzi wa rangi fukwe za Afrika Kusini zilitengwa kwa sheria, na mashindano makubwa ya Durban yalifanyika kwenye fukwe za Wazungu. Eddie Aikau wa Hawaii, aliyefika Durban mwanzoni mwa miaka ya 1970 kushindana, alikataliwa kwenye hoteli kwa sababu ya rangi yake, akapokewa nyumbani kwa familia ya Shaun Tomson, ambaye baadaye, mwaka 1977, alikuwa bingwa wa dunia. Mwaka 1985 Tom Carroll, bingwa wa dunia wa wakati huo, alisusia mashindano ya Afrika Kusini kupinga ubaguzi, na wengine wakamfuata akiwamo Tom Curren. Ilichukua hadi mwaka 2018 kwa Michael February kuwa Mwafrika Kusini mweusi wa kwanza kushiriki msururu wa juu. Mwaka huo huo picha kutoka mashindano ya vijana ya Ballito, katika jimbo la KwaZulu-Natal, ilimwonyesha mshindi wa kiume akiwa na hundi ya randi 8,000 na mshindi wa kike akiwa na ya randi 4,000. Hasira iliyofuata ilienea duniani, na miezi michache baadaye WSL ikatangaza kwamba kuanzia mwaka 2019 zawadi za wanaume na wanawake zingekuwa sawa. Nataja haya kwa sababu mtazamaji atakayemwona February akichora mikato yake laini Supertubes anapaswa kujua ni milango gani ilifungwa kabla yake.

Zoezi la kuanzia

Chagua pambano moja la robo fainali ya Jeffreys Bay lililokwisha kuchezwa, ambalo matokeo yake huyajui. Funika sehemu ya skrini inayoonyesha alama. Kwa kila wimbi andika mambo matatu: nani alikuwa na kipaumbele, kama wimbi lenyewe lilikuwa bora au la wastani ukilinganisha na yaliyopita, na alama ambayo wewe ungetoa. Majaji hujenga kipimo chao kwa mawimbi ya kwanza ya siku, kwa hiyo usiwe mkarimu mapema. Ukitoa 9 kwa wimbi la tatu utakosa pa kuliweka la kumi. Kumbuka kwamba hata Medina, aliponyoosha vidole vyote kumi hewani baada ya kutoka mvunguni Teahupo'o tarehe 29 Julai 2024, aliandikiwa 9.90.

Pambano likiisha, linganisha namba zako na zao. Tofauti ya nusu alama haina neno, maana hata majaji wenyewe hutofautiana kiasi hicho. Tofauti ikizidi alama moja na nusu, rudisha video na utazame wimbi hilo tena kwa mwendo wa polepole, kwanza maji peke yake, kisha ubao, na mwisho mtelezaji.